Mlo wa Bure Haumshawishi Daktari?

Madaktari wengi husema chakula cha mchana kinacholetwa na mwakilishi wa kampuni ya dawa hakigusi kabisa dawa wanazoandika. Ushahidi unasema vingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha madaktari zaidi ya 270,000, ulionyesha kuwa waliopokea hata mlo mmoja, kwa wastani chini ya dola 20, waliandika zaidi dawa iliyokuwa ikipigiwa debe. Haukuthibitisha kuwa mlo ndio chanzo, lakini waliokula mara nyingi zaidi waliiandika zaidi.

Kinachonisikitisha ni kujidanganya: katika utafiti wa mwaka 2001, asilimia 61 ya madaktari wa mafunzoni walisema wao hawashawishiki, ila asilimia 16 tu waliwaamini wenzao hivyo.

Na mwakilishi habahatishi. Akiwa kwenye benchi la korido na mkoba wa sampuli, akisubiri mgonjwa atoke, huenda tayari anajua daktari huyu huandika dawa gani, maana huko Marekani kumbukumbu za maduka ya dawa huuzwa. Jimbo la Vermont lilitunga sheria ya kuzuia matumizi hayo ya kumbukumbu. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha sheria hiyo. Daktari akishajua kuwa anafuatiliwa hivyo, si ajabu afunge mlango.