Tumbo la Jumatatu: Hofu ya mtoto itibiwe mapema, shuleni

Kila muhula ukifunguliwa, kitengo chetu cha afya ya akili hapa Pwani ya Kenya hupokea wazazi wenye lalamiko moja: mtoto anaumwa tumbo kila Jumatatu alfajiri, ikifika Jumamosi yu mzima, anacheza mpira. Amepimwa malaria na choo, hakuonekana kitu.

Mzazi, huo si uvivu. Tumbo linamsokota kweli. Mwili wenye hofu ndivyo unavyofanya. Ukimbakiza nyumbani anapata nafuu ya siku hiyo tu. Kesho hofu inarudi na nguvu zaidi, kwa kuwa hakupata nafasi ya kuona kwamba darasani angeweza.

Ndiyo maana tiba hupandishwa ngazi. Mtoto wa Gredi ya 4 anayeogopa kusoma mbele ya wenzake huanza kwa kumsomea mwalimu mstari mmoja, wawili peke yao. Kisha humsomea rafiki mmoja, kisha kikundi, mwisho darasa. Kila hatua hurudiwa mpaka sauti iache kutetemeka.

Nchini Australia, programu ya kukabili hofu iitwayo FRIENDS, ya mwanasaikolojia Paula Barrett, hufundishwa darasa zima kwa vikao 10, na mwalimu aliyepata mafunzo anaweza kuiendesha. Wote wakijifunza pamoja, hakuna anayenyooshewa kidole.

Utaratibu ni huu. Anza kwa mwalimu wa ushauri nasaha, ukiwa umeandika tarehe zote alizokosa shule na alichosema asubuhi hiyo. Mkubaliane ngazi ya kuanzia. Wiki zikipita bila nafuu, omba barua ya rufaa, uje nayo hospitalini pamoja na kitabu cha matibabu cha mtoto. Dua na kombe (maji ya aya za Kurani) hatukatazi. Tunachoomba asikae nyumbani wiki tatu akisubiri.

Na fimbo je? Tumechoka kuambiwa "sisi tulichapwa tukawa watu." Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia. Anayekiuka hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kumsimamisha mtoto mwenye hofu mbele ya gwaride ili achekwe kunaweza kukufikisha huko, mwalimu.

Nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure. Hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.