Wayebusi hawakufyekwa Yerusalemu

Waulize wanafunzi wa Biblia Wayebusi, wenyeji wa Yerusalemu kabla ya Daudi, waliishia wapi, wengi watakujibu bila kusita: Daudi aliwaua wote alipouteka mji. Maandiko hayasemi hivyo. 2 Samweli 5 inasimulia Wayebusi walivyomtambia kwamba hata vipofu na viwete wangemzuia, naye akaitwaa ngome ya Sayuni na kuhamia humo. Habari ya kuua mji mzima haimo.

Ukitaka uthibitisho, soma 2 Samweli 24 taratibu. Daudi ni mfalme tayari, tauni imewashika watu, naye anaagizwa ajenge madhabahu katika uwanja wa kupuria wa Arauna. Arauna huyo ni Myebusi. 1 Nyakati 21, inayomwita Ornani, inamwonyesha akipura ngano na wanawe wanne wako pamoja naye. Anapomwona mfalme anainama kifudifudi, kisha anataka kumpa vyote bure: uwanja, ng'ombe wa sadaka, hata vyombo vya kupuria na nira ziwe kuni. Daudi anakataa katakata kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, analipa shekeli 50 za fedha. Nyakati inataja shekeli 600 za dhahabu. Vyovyote iwavyo, aliyeuteka mji ananunua ardhi kwa mwenyeji wake, na kwa mujibu wa 2 Nyakati 3:1 hapo ndipo Sulemani alipojenga hekalu. Inaniuma kuona habari nzito namna hii inarukwa katika mafundisho mengi.

Sisemi kwamba waliishi raha mustarehe. 1 Wafalme 9 inasema waliosalia walitiwa na Sulemani katika kazi za shokoa, yaani kazi za kulazimishwa.

Wengine husema mji uliitwa Yebusi mpaka Daudi alipoupa jina la Yerusalemu. Hapa vipande vya udongo vinatosha kujibu. Barua zilizopatikana Amarna, Misri, mwaka 1887 ni za karne ya 14 KK, miaka zaidi ya 300 kabla ya Daudi. Baadhi yake ziliandikwa na Abdi-Heba, mtawala wa mji, akimlilia Farao amletee askari wa upinde, na mji wenyewe zinauita Urusalim. Wayebusi hawatajwi humo hata mara moja, kwa hiyo wanaomwita Abdi-Heba mfalme Myebusi wanakisia tu.

Kisha kuna Yoabu, jemadari wa Daudi, anayesemwa kuwa alipenya mjini kwa kupanda shimo lililogunduliwa na Charles Warren mwaka 1867 karibu na chemchemi ya Gihoni. Wanaakiolojia Ronny Reich na Eli Shukron, waliochimba hapo kuanzia 1995, walionyesha kwamba shimo hilo ni ufa wa asili kwenye mwamba, na kwamba chemchemi ilizungushiwa ngome kubwa. Halafu tazama maandiko: 2 Samweli inataja mfereji wa maji bila Yoabu, 1 Nyakati inamtaja Yoabu bila maji. Sisi ndio tuliounganisha.

Na wanaodai leo kuwa wazao halisi wa Wayebusi? Hakuna kumbukumbu ya ukoo inayofika kwao. Zekaria 9:7, ikizungumzia mabaki ya Wafilisti, inasema watakuwa kama jamaa katika Yuda, na Ekroni, mji wa Wafilisti, kama Myebusi: yaani Myebusi anatajwa kama mfano wa mgeni aliyeingizwa katika Yuda.