Vigimbi Vinene Si Lazima Viwe Nguvu: Dhana Potofu Kuhusu Maradhi ya Misuli ya Kurithi

“Huyu atachezea Coastal Union!” Ndivyo anavyoambiwa mama pale Ngamiani, Tanga, mwanawe akipita na vigimbi vilivyojaa. Mara nyingi hakuna neno, mtoto ana miguu mizuri tu. Ila vigimbi vinene kwa mtoto wa kiume anayeanguka ovyo, asiyeweza kuruka wala kukimbia na wenzake, vinataka hospitali. Katika Duchenne, mojawapo ya maradhi ya misuli ya kurithi, vigimbi hutuna huku misuli ya nyonga na mapaja ikinyong'onyea. Miaka ikisonga, unene ule huwa mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya msuli.

Mtazame akiinuka mkekani. Anageuka kifudifudi, anajiegemeza kwa mikono na miguu, anainua makalio, kisha anaweka mkono gotini, na wa pili, anajikwea mapaja mwenyewe mpaka asimame. Daktari Mwingereza William Gowers aliieleza namna hiyo ya kuinuka mwaka 1879, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kuitambua hakutaki mashine.

“Kachezewa huyo.” Hapana. Jeni ya protini iitwayo dystrofini, iliyo kwenye kromosomu X, ina hitilafu. Protini hiyo hushikiza sehemu ya ndani ya msuli na ngozi yake ya nje, kama kamba zinavyoshika mirengu ya ngalawa. Isipokuwepo, kila msuli unapojikaza unachanika kidogo. Kwa kuwa mvulana ana X moja tu, ndiye anayeugua: takriban mmoja kati ya wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa.

Basi lawama zinamrukia mama, na hili linaniudhi kuliko hata habari za uchawi. Karibu theluthi moja ya watoto hawa hawakurithi kitu kwa mama. Hitilafu imeanzia kwao. Na mama aliyeibeba hakuitenda. Anachohitaji ni kupimwa moyo, maana wabebaji nao huweza kupata udhaifu wa moyo, na dada zake wapewe ushauri kabla ya kuzaa.

Wengine hudhani maradhi haya yote ni ya miguu. La, kila ugonjwa una misuli yake. Upo unaoanza usoni na mabegani: mtu analala macho nusu wazi, hawezi kupiga mluzi, anashindwa kuinua mkono kuanika nguo, na mara nyingi upande mmoja umezidiwa kuliko mwingine. Upo ambao mtu akikupa mkono, vidole vinachelewa kuachia. Huo huwapata wanaume na wanawake, hulegeza uso, shingo na viganja, na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Upo wa ukubwani, kope zinashuka na chakula kinapalia, watu wakasema ni uzee. Kwa Duchenne, misuli inayozungusha macho husalimika. Ndiyo maana daktari makini huuliza kwanza ni msuli gani umechoka na upi mzima.

Kukanda kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya. Kumpandisha ngazi mtoto “apate nguvu” kuna ubaya, maana msuli usio na dystrofini huumizwa zaidi na kazi nzito. Kunyoosha visigino kila siku na kuogelea taratibu, akiwa na mtu wa kumwangalia, kunafaa. Dawa za steroidi huchelewesha kudhoofika, ila hutolewa na kufuatiliwa na daktari. Wengi huacha kutembea kufikia miaka 12 hivi, lakini moyo na misuli ya kupumulia huangaliwa mapema, wala si mpaka afike kwenye kiti cha magurudumu.

Kuna watoto wanaotibiwa ini bila sababu, kwa kuwa vimeng'enya vya ALT na AST vimepanda. Vyote viwili hutoka pia kwenye misuli. Ombeni kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli kinachopimwa kwenye damu. Na mtoto akitakiwa kupewa dawa ya usingizi, hata kwa tohara, mwambieni mtoa usingizi mapema: suksametoniamu (dawa ya kulegeza misuli) na baadhi ya gesi za usingizi zinaweza kuusimamisha moyo wake.