"Bohemian Rhapsody": yanayosemwa barazani na yaliyotokea studio

Ukipita barabara ya Kenyatta, Shangani, siku ambayo meli ya watalii imetia nanga, utakuta watu wamejazana mbele ya nyumba yenye picha za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Uingereza iitwayo Queen. Ni makumbusho tangu Novemba 2019. Siku moja nilimsikia mwongozaji kijana akiwaambia wageni wake kwamba wimbo wake ule mkubwa, "Bohemian Rhapsody", ulitungwa humo humo ghorofani, mwenyewe akitazama bahari. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa ng'ambo ya njia akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, huyo kaondoka hapa Queen yenyewe haijazaliwa!"

Mzee alikuwa sahihi. Farrokh Bulsara, ndilo jina la Mercury la kuzaliwa, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali, Mji Mkongwe, kwa wazazi Waparsi waliotoka Gujarat. Bado mdogo akapelekwa bweni huko Panchgani, India, akarudi Unguja 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia ikahamia Feltham, karibu na London. "Bohemian Rhapsody" ilitoka Oktoba 1975. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

"Kataja Bismillah, basi alikuwa Mwislamu"

Hii naisikia Unguja, Mombasa, hata kwa jamaa zetu walioko Muscat. Na ina pacha wake: kwamba aliitaja kwa kejeli. Zote mbili hazina mguu wa kusimamia. Wazazi wake walikuwa Wazoroasta, yaani wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi ambayo ndiyo ya Waparsi, na alipofariki Novemba 1991, makasisi wa dini hiyo ndio waliomsomea sala London kabla ya kuchomwa maiti yake. Ndani ya wimbo, neno hilo limesimama katikati ya msafara wa ajabu: Scaramouche yule mchekeshaji wa michezo ya kale ya Italia, Galileo mwanasayansi, Figaro kinyozi wa kwenye opera, mpaka Beelzebub, jina la shetani. Ni mchanganyiko wa maneno yenye mlio, yaliyopangwa kama watu wanaogombania roho ya kijana mmoja. Na kwa maoni yangu, mtoto aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji kuwa Mwislamu ili alijue Bismillah. Hulisikia kwa anayechinja, kwa anayefungua duka, kwa anayeshuka ngazi yenye giza.

"Ni wimbo wa kuaga, alikuwa ameshajua anaumwa"

Kalenda inakataa. Wimbo ni wa 1975. UKIMWI, ugonjwa uliokuja kumuua, uliripotiwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Marekani 1981, na Mercury alipimwa akakutwa nao 1987. Chanzo cha dhana hii nadhani kinaeleweka: baada ya kifo chake wimbo ulitolewa upya, ukapanda tena namba moja Uingereza wakati wa Krismasi ya 1991, na mapato yakaenda kwa shirika la Terrence Higgins Trust linalosaidia wagonjwa. Watu waliusikia wakiwa na msiba kichwani, wakadhani msiba ulikuwa ndani ya wimbo tangu mwanzo. Mercury mwenyewe, kila alipoulizwa maana, aliwaachia wasikilizaji.

"Ile ni kwaya ya opera iliyokodiwa"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kazi yenyewe.

Katikati ya wimbo kuna sehemu ya sauti nyingi zinazojibizana kama katika opera, ule mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Hakukuwa na kwaya. Sauti zote ni za watu watatu: Mercury, mpiga gitaa Brian May, na mpiga ngoma Roger Taylor. Walianza kurekodi Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales, ambayo ilikuwa shamba la mifugo, kisha wakahamia studio nyingine kadhaa za London. May akaimba chini, Mercury katikati, Taylor juu. Wakimaliza mstari mmoja wanauimba tena juu ya ule wa kwanza, kisha tena, kwa jumla ya saa 10 hadi 12 kila siku, kwa muda wa wiki tatu hivi.

Mashine ya wakati huo ilikuwa na nafasi 24 tu kwenye utepe wake, sawa na chumba chenye vitanda 24. Vikijaa, unachukua sauti nane, unazichanganya kuwa moja, unazilaza kitanda kimoja, na vilivyobaki wazi unavijaza upya. Inasemekana kwa njia hiyo walifikia tabaka 180 za sauti. Lakini kila utepe unapopita kwenye vichwa vya mashine, ule unga wa kahawia unaoshika sauti hukwanguka kidogo. Walipouinua utepe kwenye taa wakaona mwanga unapenya upande wa pili! Mtayarishaji wao, Roy Thomas Baker, alikuwa akidhani kazi imekaribia kwisha, kumbe Mercury anakuja asubuhi na "Galileo" nyingine za kuongeza.

Na ile sauti kali ya juu kabisa inayofunga sehemu ya opera, ambayo wengi huapa ni ya Mercury au ya mwanamke? Ni ya Roger Taylor, mpiga ngoma.

"Aliuandika usiku mmoja"

Vipande vyake vilikuwa vikizunguka kichwani mwa Mercury tangu miaka ya mwisho ya 1960. Vitu vyake vilipopigwa mnada Sotheby's, London, Septemba 2023, zilionekana kurasa 15 za rasimu, nyingine zimeandikwa kwenye karatasi za shirika la ndege la British Midland, maneno yamekatwa na kuandikwa upya. Kwenye ukurasa mmoja jina ni "Mongolian Rhapsody", kisha neno la kwanza limefutwa. Ninachokubali ni kwamba muziki wenyewe alikuwa nao kamili kichwani. Baker alisimulia jinsi Mercury alivyompigia piano nyumbani mwanzo wa wimbo, akasimama ghafla, akasema hapo ndipo opera inapoingia.

"Mabosi waliukataa, redio zikaupiga marufuku"

Nusu kweli. Kampuni ya rekodi ililalamikia urefu wa dakika 5 na sekunde 55, na walio wengi waliamini redio haziwezi kuupiga. Marufuku haikuwapo. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio alipewa nakala akaambiwa asiipige, naye akaipiga mara 14 kwa wikiendi moja. Jumatatu watu wakaenda madukani kuuliza santuri ambayo ilikuwa haijatoka.

Yule bosi mkali, Ray Foster, katika filamu ya 2018 kuhusu Queen, iliyopewa jina la wimbo huu, ni wa kubuni. Aliyemwigiza ni Mike Myers, na ndani ya filamu anabeza kwamba vijana hawatatikisa vichwa garini kwa wimbo huo. Utani wenyewe ni kwamba 1992, katika filamu ya vichekesho *Wayne's World*, Myers huyo huyo ndiye aliyetikisa kichwa garini kwa wimbo huo, na ndipo Marekani ikaukumbuka ukafika namba 2. Mwaka 1976 ulikuwa umeishia namba 9. Kwa hiyo anayekwambia uliongoza chati za Marekani, mwambie hapana. Uingereza ndiko ulikokaa namba moja wiki tisa, ukaondolewa na ABBA kwa wimbo uitwao "Mamma Mia", maneno ambayo Queen wenyewe wanayapiga kelele katikati ya opera yao.

"Ndiyo video ya kwanza ya muziki duniani"

Siyo. The Beatles walishapeleka filamu fupi za nyimbo zao kwenye televisheni 1966. Ya Queen ilipigwa katika studio za Elstree, karibu na London, Novemba 1975, kwa saa chache, kwa gharama isiyofika pauni 5,000, ili bendi isilazimike kuigiza kuimba studio za televisheni. Nyuso zile zinazojirudia hazikutengenezwa na kompyuta, ni lenzi ya kioo chenye pande nyingi, kinachoizidisha picha moja kuwa nyingi, mbele ya kamera.

Ukiitazama tena, wakati nyuso nne zimetokea gizani, mtafute John Deacon, mpiga besi. Midomo inacheza pamoja na wenzake kwa unadhifu kabisa. Kwenye rekodi hakuimba hata neno moja.