Kivumbasi cha nyuki: usikipogoe chote siku moja

Hapa Tanga kivumbasi tunakijua kwa kufukuzia mbu. Kwa kuwa kinajiotea chenyewe, wenye bustani huking'oa wakapanda maua ya kununua, mengine hata nyuki hawayageukii. Nakusudia Ocimum gratissimum, kile kirefu kinachopita mita moja na nusu, shina la chini limekuwa mti, na jani ukilifikicha linanukia karafuu. Hiki hudumu miaka.

Mbegu zake ni ndogo mno: zinyunyize juu ya udongo, usizifukie. Mimi napendelea vipandikizi. Kata kijiti cha sentimita 12 hadi 15 kisicho na maua, chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, kichomeke kivulini kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili au tatu. Hamisha mvua za masika au za vuli zikishashika, penye jua la kutosha, mita moja baina ya shina na shina, koleo moja la samadi iliyooza kila shimo. Ukizidisha samadi utapata majani tele, maua haba. Raskazone na kwingine karibu na bahari, ukipande nyuma ya ukuta. Upepo wa chumvi huunguza ncha.

Kazi yenyewe ni kupogoa. Tazama shada: vijiua vyeupe vilivyofifia vimekaa sita sita kukizunguka kila kifundo, na hufunguka kuanzia chini kwenda juu, hivyo shada moja hulisha nyuki siku nyingi. Likikauka hadi nusu, kata theluthi ya tawi, juu ya majani mabichi. Ukishuka hadi kwenye mti mkavu usio na jani, mara nyingi hakichipui tena. Panda angalau vitatu na upishanishe: leo kimoja, cha pili baada ya wiki tatu, kisha cha tatu. Ukivikata vyote pamoja, nyuki watahamia kwa jirani.

Kikinyauka na udongo una maji, fukua mizizi kidogo. Ukiona vinundu, ni minyoo fundo, na mchanga uliowahi kulimwa nyanya au bamia huwa nayo sana. Usirudishie kivumbasi hapo. Vidukari waoshe kwa maji ya kasi. Dawa ya dukani usiguse maua yakiwa wazi; hata mwarobaini upulize magharibi, nyuki wakisharudi mzingani, na uelekeze chini ya majani, ndiko vidukari waliko.