Udhibiti wa msongamano: kwa nini simu hupunguza kasi hata pasipo foleni

Udhibiti wa msongamano ni utaratibu ambao kifaa kinachotuma data hujipimia kasi ili njia isizidiwe. Kinatuma pakiti kadhaa, yaani vipande vidogo vya data, na kusubiri majibu kwamba zimefika. Majibu yakirudi, kinaongeza. Pakiti ikipotea, kinapunguza, pengine hadi nusu.

Chimbuko lake ni balaa la Oktoba 1986. Huko Marekani, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majirani wa yadi 400 tu, kasi iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kompyuta zilizokosa majibu zilirudia kutuma, na marudio hayo yakazidi kuziba njia. Mwaka 1988 watafiti Van Jacobson na Michael Karels wakachapisha dawa.

Dawa hiyo iliamini jambo moja: pakiti ikipotea, foleni ya pakiti zinazosubiri njiani imejaa. Kwenye waya ni kweli mara nyingi. Hewani, hapana. Abiria wa kivuko cha Kamanga anapandisha video akitoka Mwanza mjini kuelekea upande wa Sengerema. Majini mnara wa mjini unafifia, simu inahamia mwingine, pakiti chache zinadondoka. Njia ni nyeupe kabisa, ila simu inaweza kudhani imejaa, ikakata kasi na kuanza kupanda tena taratibu.

Kupunguza tatizo hili, mnara na simu hutumiana upya vipande vilivyoharibika hewani, hata programu inayotuma data isijue. Lakini mnara huweka pia akiba kubwa ya pakiti zinazosubiri, na hapo upotevu hugeuka ucheleweshaji. Anayepakua filamu hajali. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, anayemwonyesha mteja mzigo kwa simu ya video, ndiye anayesikia "eeh, bei gani?" wakati ameshataja bei mara mbili.

Taratibu za kudhibiti msongamano ziko kadhaa. CUBIC, chaguo la kawaida la mfumo endeshi wa Linux tangu 2006, bado husubiri pakiti ipotee. BBR ya Google, iliyotoka 2016, hupima kasi halisi ya kufikisha data na muda mfupi zaidi wa kwenda na kurudi. Kwa simu naiona ina akili zaidi, ingawa toleo la kwanza lililaumiwa kwa kuwabana watumaji wengine kwenye njia moja.

Anayechagua utaratibu ni mtumaji. Unapopakua, mtumaji ni seva, kwa hiyo hapo kununua simu mpya hakubadilishi utaratibu unaotumika.