Fidia ya kifo katika meli ya kitalii: nani hulipwa, na kwa kipimo gani

Fidia ya kifo melini ni malipo ambayo sheria humlazimisha mwenye meli, au kampuni iliyomsafirisha au kumwajiri marehemu, kuwapa watu waliokuwa wakimtegemea marehemu huyo. Haifanani na rambirambi. Rambirambi hutolewa kwa hiari, kiasi chochote, bila anayetoa kukiri lolote, ilhali fidia hudaiwa, huthibitishwa kwa ushahidi na, pande mbili zisipoelewana, huamuliwa na mahakama au msuluhishi. Tofauti hii huwaponyoka watu wakati mbaya zaidi, yaani pale wakala anapofika matangani na bahasha pamoja na karatasi ya kutia saini. Bahasha inaweza kuwa ya rambirambi, na karatasi ikawa ya kuachilia madai yote. Familia isitie saini kabla karatasi hiyo haijasomwa na mwanasheria.

Watu wa Lindi na Mtwara huziona meli hizi kama wageni wa kupita: hutia nanga Kilwa, watalii hushuka kwa boti kwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, kisha meli huendelea na safari yake. Kijana wa kwetu akiwa ndani ya meli ya namna hiyo, huenda yumo kama mpishi, msafisha vyumba au fundi wa injini, wala si kama mtalii aliyekata tiketi. Kwa hiyo swali la kwanza la sheria huwa ni moja: marehemu alikuwa abiria au mfanyakazi? Moto mmoja ukiua watu wawili katika sitaha moja, mmoja akiwa mtalii na mwingine mhudumu wa chakula, familia zao zitafuata sheria mbili tofauti, na mara nyingi katika nchi mbili tofauti.

Tuanze na mfanyakazi, kwa kuwa ndiye anayetugusa zaidi. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, uliotungwa chini ya Shirika la Kazi Duniani na kuanza kutumika Agosti 2013, humhesabu kuwa baharia kila mtu anayefanya kazi melini kwa nafasi yoyote, hata kama kazi yake ni kukunja mashuka. Mkataba huo humtaka mwenye meli agharamie maziko ya baharia aliyefariki akiwa melini au nchi kavu katika kipindi cha ajira yake, na atunze vitu alivyoviacha hadi viwafikie ndugu zake. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2017 yaliongeza jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba mwenye meli lazima awe na bima au dhamana ya fedha ya kulipia madai ya kifo kilichosababishwa na jeraha, ugonjwa au hatari ya kazini, na cheti cha dhamana hiyo kibandikwe melini mahali ambapo wafanyakazi wanaweza kukiona. Malipo yanatakiwa kutolewa kamili na bila kucheleweshwa, na ni marufuku kumshinikiza mdai akubali pungufu ya kile kilichoandikwa katika mkataba wa ajira.

Hata hivyo, mkataba huo wa kimataifa hautaji kiasi. Kiasi hutoka katika mkataba wa ajira, makubaliano ya chama cha wafanyakazi au sheria ya nchi husika, na hapo ndipo familia zinapotofautiana sana. Serikali ya Ufilipino, ambayo raia wake ni wengi mno katika meli za dunia, imeweka mkataba wa mfano unaompa mrithi wa baharia aliyefariki kwa sababu ya kazi dola 50,000 za Marekani, pamoja na dola 7,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 21, watoto wasizidi wanne. Kijana aliyeajiriwa kupitia wakala wa mtaani, kwa karatasi mbili ambazo hakubakiza nakala nyumbani, hana uhakika wa namna hiyo. Kwa maoni yangu, nakala ya mkataba iliyoachwa kwa mama au mke kabla ya safari ina faida kuliko wakili mzuri anayetafutwa baada ya msiba.

Kwa abiria, hesabu ni nyingine. Mkataba wa Athens wa mwaka 1974, kama ulivyorekebishwa na Itifaki ya mwaka 2002 iliyoanza kutumika Aprili 2014, hutenganisha vifo katika mafungu mawili. Kifo kikitokana na ajali ya meli yenyewe, kwa mfano kuzama, kupinduka, kugongana, kupanda mwamba, kuungua au kuwa na kasoro, msafirishaji hulipa hadi uniti 250,000 za kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa bila familia kulazimika kuthibitisha uzembe, isipokuwa katika mambo machache kama vita. Uniti moja huzidi kidogo dola moja ya Marekani. Hasara ikizidi kiasi hicho, msafirishaji huwajibika hadi uniti 400,000 kwa kila abiria asipoweza kuthibitisha kwamba hakuwa na kosa. Kifo kisichotokana na ajali ya meli, kama cha mtu aliyeteleza kwenye ngazi yenye maji, huitaka familia yenyewe ithibitishe uzembe. Mtu aliyefariki kwa maradhi yake kitandani, bila kosa la mtu yeyote, hana fidia, hata kama msiba wake ni mzito.

Marekani, ambako kampuni kubwa za utalii wa baharini zina makao yake, hutumia sheria yake ya mwaka 1920 kuhusu vifo katika bahari kuu, inayohusu kifo kilichosababishwa na kosa lililotendeka zaidi ya maili tatu za baharini kutoka ufuko wa nchi hiyo. Sheria hii hufidia hasara ya kifedha peke yake: mshahara ambao familia ingeupata, huduma ambazo marehemu angezifanya, gharama za maziko. Majonzi, upweke wa mjane na malezi ya upendo havihesabiwi, na mwaka 1978 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikataa kuviongeza. Matokeo yake ni ya kushangaza, kwa sababu mzee mstaafu au mtoto mdogo, ambaye hakuna aliyemtegemea kwa kipato, anaweza kufa kwa uzembe ulio wazi na familia yake isipate zaidi ya gharama za maziko. Mwaka 2000 Bunge la Marekani liliilegeza sheria hiyo kwa ajali za ndege za abiria zilizo zaidi ya maili 12 kutoka ufukoni, lakini abiria wa meli wakaachwa palepale. Sioni sababu ya haki inayoeleza kwa nini mtu aliyeanguka baharini kutoka angani athaminiwe kuliko aliyeangukia bahari ileile kutoka sitahani.

Nani basi hudai? Katika sheria hiyo ya Marekani, kesi hufunguliwa na msimamizi wa mirathi kwa niaba ya mume au mke, wazazi, watoto na ndugu waliokuwa wakimtegemea marehemu. Huku kusini, ambako Wamakonde, Wamwera na Wamakua wamezoea ukoo wa upande wa mama kuwa na kauli, mjomba ndiye huongoza kikao na aghalabu ndiye anayependekezwa kuwa msimamizi. Hakuna ubaya wowote, ila aelewe kwamba amebebeshwa dhima: fedha atakayoipokea si mali ya ukoo ya kugawanywa kikaoni, bali ni ya wategemezi, kila mmoja kwa kadiri ya alichopoteza. Uteuzi wake hupitia mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, kwa muhtasari wa kikao cha ukoo na uthibitisho wa kifo, na nyaraka zilizotolewa nje ya nchi huchelewesha hatua hii.

Uchelewaji huo ni hatari kwa sababu muda unahesabiwa. Mkataba wa Athens hutoa miaka miwili, ambayo kwa kifo cha safarini huanza tarehe ambayo abiria angeshuka. Sheria ya jumla ya Marekani hutoa miaka mitatu, lakini inaruhusu tiketi ifupishe muda huo hadi mwaka mmoja wa kufungua kesi na miezi sita ya kutoa taarifa ya madai. Mjane anayekaa eda ya miezi minne na siku kumi atatoka ndani akiwa na chini ya miezi miwili ya kutoa taarifa hiyo, kwa hiyo inafaa ndugu mwingine aandike barua mapema na kubaki na ushahidi kwamba imepokelewa.

Mahali pa kudai nako huamuliwa na karatasi. Mwaka 1991 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikubali kifungu cha tiketi kilichowalazimisha abiria wa jimbo la Washington, upande wa pili kabisa wa nchi, wakafungue kesi Florida. Kwa wafanyakazi, mikataba mingi hupeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama, na huchagua sheria ya nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, kama vile Bahamas, Panama au Malta. Wakala aliyeko nchini anaweza kupokea barua ya madai na kuifikisha kwa mwenye meli, lakini anayelipa kwa kawaida ni bima ya mwenye meli, na jina la mtoa bima huyo limeandikwa katika kile cheti kilichobandikwa melini. Familia ina haki ya kudai malipo hayo moja kwa moja kwa mtoa bima, na fedha itakayolipwa hapo haiifungi kudai zaidi kwa sheria nyingine, ila itakatwa katika kiasi kitakachoamuliwa baadaye.